Dakika Ishirini

Saa nane za usiku,
hajawika hata kuku,
niko maabara huku
peke yangu kwenye zamu.

Feni yalia kwa kutu,
mlangoni pana mtu,
miguu bila viatu,
hanipi hata salamu.

Watoka Shika Adabu,
feri imewapa tabu,
mamaye hawezi jibu,
ufizi wavuja damu.

Mpishi wa mahamuri,
huwasha moto fajiri,
kakanda unga tayari;
kwenye kuni, yumo humu

bafe, mnene, mvivu,
rangi yake ni majivu,
amelala kwenye kuvu,
mtu kwake si karamu.

Mkono ukapapasa,
ukadhani gome hasa,
na meno yakamnasa
kwa robo moja ya gramu.

Nimetwaa damu yake,
kiooni niiweke,
isiguswe, isicheke;
alinifunza mwalimu:

"Dakika ishirini tu,
usiongeze na kitu,
kisha ilaze kwa utu,
useme na hiyo damu.

Ikiganda, ni salama;
ikitembea, yatima;
usingoje tena, hima,
shika mkononi simu."

Sumu si kitu kimoja,
ni genge lenye vioja,
huingia kwa pamoja,
kila mtu na jukumu.

Wa kwanza ni mfunguzi,
hukata gundi na uzi
ulioiunga ngozi,
ipate kupita sumu.

Wa pili ana madini,
zinki imo kifuani,
hutafuna mishipani
kuta zishikazo damu.

Wa tatu mla mafuta,
ngozi ya seli hukata,
misuli ikatokota;
na wote ni enzaimu.

Wa nne hashiki kisu,
chembe za damu hubusu,
kushikana haruhusu,
kuganda huwa ni hamu.

Angeumwa na koboko,
lingemwishia tamko,
kope zikapiga mwiko,
pafu likaacha zamu.

Neva ingepiga hodi,
mlangoni yu hasidi,
kakalia kiti, hadi
msuli haufahamu.

Dakika kumi na moja.
Kijana nje angoja,
aniuliza kwa hoja:
"Kuinyonya ni muhimu?"

"La," nasema, "usinyonye,
wala chale usifanye,
kamba hiyo ukusanye,
mkono usife humu."

Yanijia ya mamangu,
presha yamtia pingu,
hunywa kidonge kichungu
kila siku, kwa nidhamu.

Sijamwambia asili:
nyoka wa nchi ya mbali,
misituni mwa Brazili,
ndiye wa kwanza mwalimu.

Sumuye hushusha presha,
windo ikaliangusha;
mjuzi kaifundisha
iwe dawa, sio sumu.

Dawa yetu ni farasi:
alichomwa kwa kiasi,
akaizoea, basi
tukamuazima damu.

Ziko nne jokofuni,
bei si ya masikini,
zikisha, niombe nani?
Hapo, ndugu, ni pagumu.

Ajabu: hao wakali
wana ndugu kwetu, kweli,
huyeyusha pweza, wali,
matumboni mwetu humu.

Tofauti ni mlango,
na kipimo, na kiwango;
mate hayana mpango,
hayajui kuhukumu.

Dakika ya ishirini.
Nalaza. Kimya chumbani.
Yateleza chini chini,
nyepesi, kama si damu.

Nashika simu na hofu,
nalifungua jokofu,
kijana: "Ewe Raufu!"
Naandika kwa kalamu:

"Mejumaa. Haigandi."
Kuna neno silipendi,
wino kwalo hauendi,
nalirudisha kuzimu.

Na kule Shika Adabu
unga haujui tabu,
waumuka taratibu,
ndani yake enzaimu.